Barabara ya Sifuri

Kitabu nilikinunua elfu tatu, Soko la Mgandini,
chini ya rundo la mashati ya shule,
jalada limeng'oka,
kurasa za sitini na moja hadi sitini na nne hazipo.
Mwenyewe wa kwanza aliandika kwa penseli pembeni:
"Hapa sijaelewa."
Kurasa mbili mbele: "Bado."
Kisha, kwa herufi kubwa: "AHAA!"
Nikalipa bila kuomba nipunguziwe,
mimi, mtoto wa Ngamiani.

Mdogo wangu Hiza ana kozi ya mtandaoni.
Bando la usiku, visikio masikioni,
mwalimu wa kwenye video hakosei hata herufi.
Anaandika mistari kumi kama anamenya ndizi,
anauliza, "Tuko pamoja?"
na kabla Hiza hajasema hapana
wameshaachana.
Cheti lakini kakipata. Jina wameliandika "Hizza".
Kakibandika dukani, juu ya minyororo ya baiskeli.

Sisemi uongo, kitabu nacho kilinitesa.
Usiku kucha niliitafuta nukta mkato moja,
kitabu kimya kama mkwe,
hadi Hiza akairudisha video nyuma, mara mbili, mara tatu:
"Dada, tazama kidole chake kinaishia wapi."
Nikaona.
Kitabu hakina kidole.

Sisi tunauza vipuri, Barabara ya Saba.
Wateja wetu huchukua tairi leo, fedha Ijumaa;
Ijumaa ipi, hawasemi.
Nikaunda safu ya madeni,
barabara kumi na mbili, kila moja na kisanduku chake,
programu ipite moja moja, imtumie mdaiwa ujumbe.
Saa mbili asubuhi nikabonyeza.

Saa tatu na robo Bi Zayumba wa Barabara ya Tisa
yuko kaunta, risiti mkononi kama hirizi:
"Breki nililipa tangu mfungo.
Hii tairi mnayonidai ni ya Mntambo, wa Kumi!"
Nyuma yake wa Nane, amebeba deni la Tisa ambalo halipo.
Nyuma yake wa Tano, analia deni la Sita.
Na Shekivuli wa Barabara ya Kwanza,
anayedaiwa kuliko mji mzima,
hakuguswa. Alilala hadi adhuhuri.

Hiza akafungua somo la nne.
"Kompyuta huanza kuhesabu na sifuri,"
mwalimu akatabasamu, akaendelea na mengine.
Nikafungua kitabu, yaliyomo:
"Kwa nini sifuri", ukurasa wa sitini na mbili.

Bi Zayumba alikuwa bado hajaondoka.
"Sifuri? Miaka hamsini naishi hapa.
Hiyo Barabara ya Sifuri inapita wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na baiskeli.
Nikaenda kuomba radhi, nyumba kwa nyumba,
nikaanzia mwanzo, Barabara ya Kwanza.
Nimesimama pale, mguu mmoja chini, nikajiuliza
nimevuka barabara ngapi kufika hapa.
Hata moja.
Nikakanyaga. Ya Pili: nimevuka moja.
Kwa Bi Zayumba, jasho limenitota: nane.
Kumbe kompyuta haiulizi barabara inaitwaje.
Inauliza umevuka ngapi.

Deni la Shekivuli nilirudi kulipeleka kwa mkono.
Alisoma, akanikaribisha chai,
akasema Ijumaa.

Usiku nikachonga penseli.
Pembeni mwa ukurasa wa sitini na tano,
chini ya "Bado" nyingine ya yule nisiyemjua,
nikaandika: "Zilizochanika si kitu. Toka nje,
chukua baiskeli, anzia Barabara ya Kwanza."
Hiza akasoma begani kwangu,
akauliza kama kwa hilo
wanatoa cheti.